Watu Saba wa Nyumba ya Bwana Shauri

Nchi ninayotaka kuwasimulia haipo, kwa hiyo msihangaike kuitafuta kwenye ramani. Iliwahi kuwa na jina, tena zuri tu, lakini jina hilo lilipelekwa kwenye kamati ili litafutiwe lingine lenye hadhi zaidi, na mpaka ninapoandika haya kamati haijakaa. Wananchi wake wakiulizwa wametoka wapi, hujibu kwa adabu kwamba wametoka hapa hapa.

Nchi hiyo ina Wizara ya Mambo Yaliyopita, yenye jengo la ghorofa tisa na lifti inayoshuka tu. Watumishi hupanda kwa ngazi. Hapo zamani kulikuwa pia na Wizara ya Mambo Yajayo, ikafutwa kwa kukosa ushahidi. Wala msidhani nawacheka. Mimi naeleza tu kama nilivyoelezwa, na aliyenieleza ni mtumishi wa serikali.

Fahari ya wizara hiyo ni nyumba moja nyeupe juu ya kilima, yenye baraza pande zote nne na paa jekundu, alimoishi mtawala wa mwisho wa kikoloni, yule ambaye watu walimwita Bwana Shauri. Siku ya uhuru Bwana Shauri alifunga masanduku yake, akamuaga mbwa, akaondoka. Saa hiyo hiyo nyumba ikatangazwa kuwa urithi wa taifa. Shule zilisubiri miaka sita zaidi na zahanati bado inasubiri, lakini nyumba ya Bwana Shauri haijakosa chokaa hata mwaka mmoja.

Humo ndimo Sikudhani alimokuwa akiwatembeza wageni kwa miaka kumi na tisa. Maneno yake aliyajua kwa moyo, maana aliandikiwa na wizara na hakuruhusiwa kupunguza wala kuongeza. "Kulia kwenu ni kiti alichokalia Bwana Shauri akihukumu. Kushoto ni kiboko chake, kazi ya mikono ya mafundi wetu wenyewe." Wageni walipiga picha. Mwisho kabisa aliwafikisha kwenye kinanda, dude kubwa jeusi lililokaa sebuleni kwa miguu miwili na tofali. Mbele yake palikuwa na kibao, naye ilimbidi akisome kwa sauti: "Kinanda. Kililetwa mwezi mmoja kabla ya uhuru. Mguu umevunjwa na wapagazi kwa uzembe."

Mmoja wa wapagazi hao alikuwa babu yake, baba wa mama yake.

Mama yake, Bi Nyamizi, alikuwa mtoto wa miaka minane siku askari walipokuja shambani kuchukua wanaume saba wa kupandisha kinanda kilimani. Baba yake, Mlekwa, aliacha jembe limesimama kwenye tuta. Sufuria ya ugali ilikuwa jikoni, na Mlekwa alikuwa mpenzi wa ukoko, lile ganda kavu linalobaki chini ya sufuria. Akamwambia bintiye, "Niwekee ukoko. Narudi sasa hivi." Baadaye watu walileta habari kwamba katikati ya kilima wale saba walikitua kinanda wapumzike, kikaviringika, kikavunjika mguu, na Bwana Shauri akawaweka ndani. Habari ziliishia hapo.

Miaka sitini na miwili ilipita na Bi Nyamizi akawa bibi wa miaka sabini. Hakuwahi kula ukoko. Kila siku alikwangua sufuria, akaufunga kwenye jani la mgomba, akauweka juu ya mtungi, na asubuhi akawapa kuku. Sikudhani alipopata kazi katika nyumba ile, mama alimuuliza jioni ya kwanza, "Umewauliza?" Na jioni zote zilizofuata alimuuliza hivyo hivyo, bila kugomba, akikoroga uji.

"Nimeuliza, mama. Wanasema hakuna kumbukumbu."

"Kesho uliza tena. Mimi sitaki fidia yao. Nataka nijue yuko wapi, nimzike."

Basi mwaka huo wakoloni wa zamani waliamua kufanya wema. Walirudisha daftari la makabidhiano ya nyumba, lile lililoandikwa siku ya uhuru, wakalifunga utepe. Taifa lilisherehekea siku tatu. Daftari lilitoka uwanja wa ndege kwenye gari la wazi, likapigiwa mizinga, na wanafunzi walisimama juani kulipungia mkono. Hakuna aliyelifungua. Ilionekana kulifungua kungekuwa utovu wa nidhamu.

Mkosefu wa nidhamu akapatikana, naye ni mkaguzi wa wizara, Bwana Chilumba, mtu mwembamba asiyeweza kupita mbele ya vikombe bila kuvihesabu. Alifika kilimani na daftari kwapani. Mkurugenzi wa makumbusho, Bwana Senzia, alimfuata nyuma akifuta jasho, na Sikudhani akabeba funguo.

"Viti, kumi na viwili," alisoma Chilumba.

"Vipo," alisema Senzia.

"Ngozi ya simba, moja."

"Ipo, imenyonyoka kidogo."

"Kiboko, kimoja. Hali, kizima."

"Kipo, na bado ni kizima sana."

Waliendelea hivyo mpaka ukurasa wa kumi na mbili. Chilumba akasoma kwa sauti ile ile aliyosomea viti, "Stoo ya chini. Watu, saba. Wanaume. Hali, wazima." Akanyanyua kalamu. "Wako wapi?"

Senzia aliangalia dari. "Labda walitumika," alisema.

Sikudhani alishika ukingo wa meza. Stoo ya chini aliijua. Ilikuwa chini ya jiko, mlango wake wa chuma ukitazama uani, na juu ya mlango wizara ilikuwa imeandika STOO YA MVINYO, HAIFUNGULIWI. Kwa miaka kumi na tisa aliwaambia wageni kwamba Bwana Shauri alipenda kinywaji. Ufunguo wake ndio pekee uliokosekana katika fungu lake. Pembeni ya mlango, karibu na ardhi, palikuwa na tundu la hewa la ukubwa wa kiganja, naye kila Jumamosi alilifagia akitoa majani.

"Walikuwa wazima," alisema polepole. "Siku ya uhuru walikuwa wazima."

"Na walipokelewa," alisema Chilumba. "Sahihi hii hapa. Zengekala, karani daraja la tatu."

Senzia alilifunga daftari haraka kuliko mkurugenzi anavyotakiwa kufanya jambo lolote. Zengekala huyo sasa alikuwa na miaka themanini na minne, naye ndiye Waziri wa Mambo Yaliyopita. Alikuwa ameshika wizara hiyo tangu ilipoundwa, na ilisemekana iliundwa ili aishike.

Lakini daftari lilipofungwa kwa nguvu, karatasi iliyokuwa imebanwa kwa pini yenye kutu ilianguka sakafuni. Sikudhani akaiokota. Ilikuwa Waraka Namba Moja wa serikali huru, tarehe ya uhuru, umepigwa taipu na karani huyo huyo: "Kuanzia saa hii nyumba hii na vyote vilivyomo ni urithi wa taifa. Chochote kilichomo kisiguswe, kisifunguliwe wala kuondolewa mpaka kamati ikae."

"Kamati ilikaa lini?" aliuliza Sikudhani.

Senzia alijua pa kutazama, maana kumbukumbu za kikao zilitundikwa ofisini kwake kwenye fremu, na hakuna aliyewahi kuzisoma kwa sababu fremu ilikuwa nzuri mno. Kamati ilikaa baada ya miezi kumi na mmoja. Ilichelewa kwa kuwa mwenyekiti alitaka kiti kiagizwe kwanza. Kumbukumbu zilisema: "Wajumbe walifungua mlango wa stoo. Wajumbe walifunga mlango wa stoo. Ilikubaliwa kwa kauli moja kwamba iitwe stoo ya mvinyo. Wajumbe walipata chai."

Jamani, mimi ni msimulizi tu, na kazi ya msimulizi ni kusema kitu kikaeleweka. Hapa sijui niseme nini. Maisha yake yote Bi Nyamizi alimchukia mtu mmoja, mzungu, ambaye huko kwao alishakufa na kuzikwa. Sikudhani alisimama pale akifikiri jioni atamwambia mama yake amchukie nani.

Kufuli ilivunjwa kwa nyundo. Chilumba aliingia na tochi, Sikudhani akazuiwa mlangoni kwa kuwa hakuwa na kibali cha kuingia stoo. Kutoka hapo aliona mwanga ukitembea ukutani, kisha ukashuka chini, kisha ukasimama pale pale kwa muda mrefu. Chilumba alipotoka alikuwa amepauka kidogo, lakini kalamu yake haikutetemeka.

"Upungufu, watu saba," aliandika. "Ziada, mifupa, gunia moja."

"Bwana mkaguzi," alisema Sikudhani, "hao ndio watu wenyewe."

"Dada yangu, mimi nakagua kilichoandikwa. Imeandikwa watu, tena wazima. Wewe ukikabidhiwa gari zima ukarudisha vyuma, utasema ndilo gari lenyewe?"

"Mmoja wao ni babu yangu. Anaitwa Mlekwa. Mwandike jina, basi, tumchukue tukamzike."

Chilumba alimwonyesha ukurasa, na kwa kweli alikuwa mtu wa huruma, maana alimwonyesha kwa upole. "Safu ya jina haipo. Ipo ya kitu, ya idadi na ya hali. Na ziada, kwa kanuni, inakwenda jalalani baada ya siku saba."

Mifupa ikatiwa kwenye gunia lililokuwa la sukari, gunia likafungwa kamba, likaandikwa ZIADA, likawekwa barazani karibu na vyungu vya maua. Siku hiyo Sikudhani aliwatembeza wageni makundi manne. Alipofika kwenye kibao cha kinanda aliishia kwenye neno "wapagazi", na wageni wakadhani ndivyo wizara ilivyoandika.

Jioni mama aliuliza, "Umewauliza?"

"Nimeuliza, mama." Akakaa chini kwenye mkeka. "Amepatikana."

Bi Nyamizi aliacha mwiko ndani ya sufuria. Hakuuliza alikufaje, na Sikudhani alishukuru kwa hilo. Aliuliza tu kama mifupa yote ipo. Kisha akaingia chumbani akatoa kitambaa cheupe cha sanda, kipya, chenye mikunjo iliyogeuka rangi ya manjano. Alikinunua mwaka aliozaliwa Sikudhani.

"Lini tunamchukua?" alisema.

Siku ya tano Waziri Zengekala akaja mwenyewe, maana upungufu katika urithi wa taifa si jambo la kuchezea, hasa wenye sahihi yake. Alishikiliwa na wasaidizi wawili, mmoja kila kwapa, na wa tatu alishika hotuba. Watumishi wote wanane wa makumbusho, ukimtoa mkurugenzi, walipangwa mstari barazani, mbele ya vyungu na gunia.

"Ndugu wananchi," alisema Waziri, "taifa lisilotunza vitu vyake ni sawa na mtu asiye na kabati. Sisi tunalo kabati. Mkoloni alituachia viti kumi na viwili, leo vipo kumi na viwili. Alituachia kiboko, kipo. Maadui wetu wanasema tumepoteza watu saba. Nawauliza, nchi kubwa kama hii inaweza kupungukiwa watu? Tumejaa! Kila ninakopita napunga mkono mpaka bega linauma!" Makofi yakapigwa na watumishi wanane, kwa zamu, ili yadumu.

Sikudhani alitoka kwenye mstari. Senzia alijaribu kumvuta kitenge lakini alikuwa ameshafika mbele.

"Mheshimiwa, samahani. Ni wewe uliyewapokea. Walikuwa hai. Uliwaona?"

Waziri alimtazama kwa macho yenye maji, na uso wake ukalainika kama wa mtu aliyeulizwa habari za harusi yake. "Niliwaona, binti yangu. Nilikuwa kijana, nilikuwa na kalamu mpya. Niliwahesabu mara mbili kupitia mlangoni. Mmoja aliniomba maji. Nikamwambia, vuta subira, ndugu, sasa tuko huru, jambo hili ni la utaratibu. Walikuwa mali ya kwanza ya taifa niliyoisaini kwa mkono wangu mwenyewe. Na niliwalinda. Je, yuko hata mmoja aliyetoka?"

"Hakuna, Mheshimiwa," alijibu Senzia.

"Hakuna. Ndio uzalendo huo."

Sikudhani alitaka kupiga kelele. Alitaka kukichukua kile kiboko kizima sana akakitumie. Lakini jalala lilikuwa limebakiza siku mbili, na nyumbani mama alikuwa amekunjua sanda juani itoke harufu ya sanduku. Akasema tu, "Mheshimiwa, naomba lile gunia."

Waziri alinong'onezana na mkaguzi. Chilumba alieleza kwamba ziada haiwezi kutolewa wakati upungufu bado uko wazi, kwani itaonekana mali imeibwa. Waziri akatafakari, na wasaidizi wakatafakari pamoja naye. Kisha akainua kidole, akawahesabu watumishi waliosimama kwenye mstari, akamjumlisha na Sikudhani.

"Wapo wanane," alisema. "Tunahitaji saba, kwa dakika tano. Waingie stoo wahesabiwe, daftari lifungwe, gunia lichukuliwe. Kuna ubaya gani?"

Hakuna aliyeona ubaya. Pazi, mlinzi, alisamehewa kwa sababu lazima awepo mtu wa kulinda. Wengine walikuwa saba kamili. Mkaguzi alikohoa akasema daftari limetaja wanaume, na huyu dada ni mwanamke.

"Mwandikeni kaimu mwanaume," aliagiza Waziri. Nchi hiyo ina makaimu wa kila kitu, kwa hiyo hilo halikumshangaza mtu.

"Na gunia atakabidhiwa mama yangu?" aliuliza Sikudhani. "Nataka kulisikia kwa kinywa chako, Mheshimiwa."

"Siku ya saba, saa nne asubuhi, geti la nyuma. Mimi nikisaini nimesaini."

Siku ya saba ilikuwa na jua kali. Bi Nyamizi alifika tangu saa tatu, ameshika sanda kwapani na mkononi kifurushi cha jani la mgomba. Alisema ni ukoko, auweke juu ya kaburi. Sikudhani alimkalisha kwenye jiwe karibu na geti la nyuma, akamwambia, "Dakika tano tu, mama. Nakuja." Alipokwisha kuyasema akatamani angesema maneno mengine.

Stoo ilikuwa fupi, ikabidi wainame. Mtunza bustani aliingia kwanza, akafuata mpishi wa chai, muuza tiketi na wengine watatu, wakicheka na kusukumana, maana waliahidiwa soda. Sikudhani akaingia wa mwisho. Chilumba akasimama mlangoni. "Mmoja, wawili, watatu..." Akafika saba, akarudia mara ya pili, akatia alama ya vema. "Watu, saba. Hali, wazima." Uso wake ulijaa raha ya kweli. Akaufunga mlango ili, kama alivyosema, hesabu isiharibike wakati wino unakauka.

Ndani palibaki mwanga wa lile tundu la hewa tu. Macho ya Sikudhani yalipozoea aliona ukutani, karibu na tundu, mistari midogo iliyochorwa kwa kitu chenye ncha. Aliihesabu kwa kidole. Mistari ishirini na tisa ilikuwa mifupi, imepangwa vizuri. Wa thelathini ulikuwa mrefu, umevutwa kutoka chini mpaka juu, na mchoraji aliupitia mara nyingi mpaka ukazama ukutani. Alielewa. Siku hiyo ngoma zilipigwa, na humu ndani walizisikia, wakajua kwamba uhuru umekuja. Baada ya huo kulikuwa na mistari mingine minane, na ule wa mwisho haukufika nusu.

Akaegemeza paji la uso hapo akalia. Mpishi wa chai aliacha kucheka.

Nje sauti ya Waziri ilikuwa ikisoma. Karatasi ilikuwa mpya lakini maneno hayakuwa mapya, na Sikudhani aliyatambua kabla hayajaisha. "...sasa urithi umekamilika. Ili usipungue tena, chochote kilichomo kisiguswe, kisifunguliwe wala kuondolewa mpaka kamati ikae." Lakiri, ile nta nyekundu ya mihuri, ikayeyushwa, ikagandishwa mlangoni. Makofi yakapigwa, safari hii na watu wachache, kwani wapigaji wengi walikuwa ndani. Waligonga mlango wote saba. Waliita. Magari yakawaka, yakateremka kilima, na gari la mwisho lilichukua gunia kwenda makao makuu kwa uhifadhi.

Kisha uani pakawa kimya, na Sikudhani akasikia ndara za mama yake.

"Bwana Pazi," alisema Bi Nyamizi, "nimekuja kumchukua baba yangu. Mlekwa."

Kurasa zilifunguliwa. Pazi alikuwa ameachiwa nakala ya daftari, naye alisoma kwa kufuata kidole. "Mama, hapa ni habari njema. Watu saba, wote wamo ndani. Hali, wazima. Hakuna wa kuzikwa."

Bi Nyamizi aliitoa sanda kwapani. "Basi sanda nirudi nayo?"

"Rudi nayo, mama."

"Na binti yangu? Sikudhani. Aliniambia dakika tano."

Kurasa zikafunguliwa tena, moja moja, mpaka mwisho, kisha zikarudiwa kutoka mwanzo. "Huyo," alisema Pazi, na sauti yake ilikuwa imeanza kuogopa, "huyo hamo kwenye daftari."

"Mama!" aliita Sikudhani kwenye tundu. "Mama, mimi niko huku!"

Ndara zilikuja haraka, zikasimama. Magoti ya kizee yakatua mchangani, moja baada ya lingine. Pazi alisema kitu kuhusu kutogusa urithi, lakini hakukisema kwa nguvu. Tundu likaingia giza, kisha mkono mwembamba ukapenya ndani mpaka kwenye kiwiko, umeshika jani la mgomba.

Sikudhani aliupokea kwa mikono miwili. Ukoko ulikuwa bado na joto la jua.

"Gawana na wenzako," alisema mama yake. "Nitaleta na kesho."